Fundo Kwenye Kamba ya Mjomba

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mguu bado ukining'inia lakini roho imetulia. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, na ameniambia niandike hili kwa herufi kubwa usije ukasingizia macho: MWANAUME WA MIAKA HAMSINI NA TISA HAPANDI BATI LA STOO KUTAZAMA KONA. Nilimwambia ile kona ilizaa bao. Akasema bao haliungi mfupa wa paja.

Mimi cherehani bado inanilisha. Nina mashati arobaini ya shule mezani, na vifungo vyake vimekuja rangi tofauti na ile tuliyoagiza, kwa hiyo wiki nzima nimekuwa mtu wa kugombana.

Sasa tuje kwenye mpira, maana najua umeruka mistari yote ya juu mpaka hapa. Kijani yetu bado ni ya pili kutoka mkiani. Timu kumi na sita, mbili zinashuka daraja, zimebaki mechi nane. Jumamosi tumetoka bao moja kwa moja. Kipa alidaka vizuri, mabeki walikuwa wanakimbia huku na huku kama watu waliopoteza funguo.

Na kuna jambo jipya. Tangu uanguke, mistari ya uwanja ilikuwa inachorwa na dereva wa klabu, na duara la katikati likatoka kama yai. Watu walicheka jukwaani mpaka refa naye akacheka. Basi Katibu alikuja kibandani kwangu, akasimama mlangoni kofia mkononi, akasema, "Wewe ni damu ya Chokaa, na kupima ndiyo kazi yako. Tuokoe." Ningesemaje? Kila Ijumaa saa kumi nafunga cherehani, nakwenda kusukuma kile kigari chako cha chokaa ambacho gurudumu lake linalia kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Nina swali moja. Kamba yako ya kupimia ina mafundo matatu ambayo nayaelewa: la boksi dogo, la nukta ya penalti, na la boksi kubwa. Lakini kati ya la pili na la tatu kuna jingine, nene, kama mahali palipokatika pakaungwa. Hilo ni la nini?

Kula vizuri, na usimsumbue nesi.

Mpwa wako,
Sindano


Tarehe 14 Februari

Sindano, mpwa wangu,

Marahaba, mama. Barua yako imefika jana na nimeisoma mara tatu, ile sehemu ya herufi kubwa mara moja tu. Mwambie dada yangu nimemsikia. Mwambie pia kwamba kutoka pale juu ya bati niliona bao vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani, refa akiwemo.

Mimi naendelea. Mguu wamenifungia mfuko wa mchanga unaovuta upande wa miguuni, nimelala kama mlango uliong'olewa. Kitanda cha pili yupo fundi saa mmoja, amevunjika nyonga. Mtu mzuri sana, mstaarabu, ana redio. Ubaya wake ni mmoja: ni shabiki wa Kiwanda. Umewahi kulala hatua mbili kutoka kwa shabiki wa Kiwanda, wao wakiwa nafasi moja tu juu yetu kwenye msimamo? Kila Jumamosi tunatazamana kama wakwe waliogombana.

Nimefurahi kazi iko mikononi mwako. Sikiliza basi. Chokaa ichunge kwanza, la sivyo mabonge yataziba tundu. Usichore jua likiwa kali. Ukisukuma kigari usitazame gurudumu, tazama kigingi cha mbele, mstari utanyooka wenyewe. Gurudumu acha lilie, limezoea.

Kuhusu kamba, iache kama ilivyo. Kamba hiyo imechora fainali mbili. Hilo fundo ni la kushikia mkono tu usiteleze. Usiache mbachao kwa msala upitao. Pima kwa kamba hiyo, usipime kwa kitu kingine chochote, na usiulize sana.

Nesi amekuja na sindano yake, si ya aina yako. Naishia hapa.

Mjomba wako,
Chokaa


Tarehe 2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Za huko? Huku salama. Mama jino linamsumbua lakini hataki kwenda kung'oa, anasema litachoka lenyewe. Mashati ya shule nimeyamaliza.

Jana tumefungwa bao moja kwa bila. Nadhani redio ya Fundi Saa imeshakuambia. Dakika ya sabini na mbili, mshambuliaji wao aliingia kutoka kulia, beki wetu yule tunayemwita Mlango akamkwatua, refa akaweka penalti. Kipa akaenda kushoto, mpira kulia. Sasa tunaburuta mkia kabisa.

Muuza karanga hakupiga hata kelele zake. Mlango alikaa chini katikati ya uwanja mpaka mzee wa jezi akaenda kumwinua. Nilikuwa nimesimama karibu na stoo, nikataka kwenda kumwambia neno, nikaishia kuingia stoo.

Mengine nitakuambia ukirudi.

Mpwa wako,
Sindano


Tarehe 11 Machi

Sindano,

Nimepata barua yako. Fupi kuliko stakabadhi.

Mtangazaji alisema Mlango alimkwatua yule mtu "hatua moja ndani ya boksi." Nina jambo moja tu la kukuuliza, na unijibu kama mtu mzima. Ilikuwa wapi hasa? Hatua moja kamili, au nusu hatua? Upande wa lango lipi? Na wewe Ijumaa ulipima kwa kitu gani?

Mguu unaendelea vizuri. Fundi Saa anakusalimu, hajui hata tunaandikiana nini.

Jibu haraka.

Mjomba


Tarehe 30 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilinizidi. Mama ameng'oa jino hatimaye. Alipiga kelele sana, daktari akamwambia bado hajaanza. Nimeshona suti ya bwana harusi ambaye ananenepa kila anapokuja kujaribisha, nimeachia mishono mara mbili na harusi bado wiki tatu.

Habari njema kwanza. Tumeshinda mechi tatu mfululizo! Ya mwisho tuliwapiga Kiwanda hapa hapa kwetu, bao moja bila, kichwa cha Mlango mwenyewe kutokana na kona. Mlango alilia, na mimi nililia kuliko yeye. Sasa tuko nje ya mkia kwa pointi mbili, na Kiwanda ndio wameingia. Mpe pole Fundi Saa, lakini si pole kubwa.

Habari nyingine si njema. Kiwanda wamekata rufaa. Wanasema uwanja wetu una vipimo vya uongo, eti boksi letu ni fupi na kila mchezaji aliyecheza hapa analijua hilo kwa macho. Ligi inamleta mkaguzi na tepu ya chuma Alhamisi ya tarehe 10 Aprili. Wakikuta kasoro tunanyang'anywa zile pointi tatu, na tukinyang'anywa tumeshuka. Katibu hali, halali. Amekonda mpaka nimempunguzia suruali kiunoni.

Wewe usijali. Lala, upone.

Lile swali lako nimelisoma. Nitalijibu.

Mpwa wako,
Sindano


Tarehe 5 Aprili

Mpwa wangu Sindano,

Salamu zote ziko ndani ya moyo wangu, leo sina nafasi ya kuziandika. Barua yako imefika asubuhi hii na nimemwomba mfagiaji wa wodi akimbie na hii posta kabla hawajafunga mfuko wa leo.

Usiitumie ile kamba. Ifiche. Nunua kamba mpya, upime upya, ufute boksi na kulichora tena kabla ya Alhamisi. Maboksi yote mawili. Kamba ni fupi.

Nimekudanganya. Lile fundo si la kushikia mkono. Miaka kumi na moja iliyopita, asubuhi ya fainali, kamba ilikatika mikononi mwangu. Watu walikuwa wameshaanza kuingia. Niliifunga fundo, nikachora. Fundo lilikula kamba, na ncha zilizochakaa nilikuwa nimezikata, kwa hiyo boksi likapungua kama nusu hatua nzuri. Nilijua wakati nachora. Nikasema kesho nitarekebisha. Tukashinda, nikabebwa begani mimi na kigari changu. Kesho yake ningewaambiaje watu waliokuwa wamenibeba? Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwaka. Baadaye nikaona aibu ya kosa ni ndogo kuliko aibu ya kulificha, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifunga mdomo.

Nimehesabu. Mara nne katika miaka hiyo nimeona mchezaji wa wageni akikwatuliwa pale, refa akasema nje, na mimi nikajua ni ndani. Mara nne. Nawakumbuka hadi namba za jezi zao. Mmoja alinitazama mimi, kana kwamba anajua, na mimi nikatazama ndoo ya chokaa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kwa nini kifo chenyewe kiwapate Kijani? Kiwanda wana haki, Sindano. Hilo ndilo linaloniua. Wana haki, na wakiithibitisha, timu inashuka daraja kwa ajili ya fundo langu. Kipa, Mlango, muuza karanga, Katibu, wote.

Nakuomba ukimbie. Na hata ukiwahi, mpelekee Katibu barua hii aisome. Sitaki arudi kunisalimu kama mtu asiyejua anamsalimu nani.

Mjomba wako mwenye hatia


Tarehe 15 Aprili

Mjomba wangu mpendwa sana,

Shikamoo, na tena shikamoo. Barua yako imefika jana. Jana, Mjomba! Tarehe 14, siku nne baada ya mkaguzi. Kama ingekuwa ya kutuokoa, tungekuwa tumeshazikwa na matanga yameanuliwa.

Sasa kaa vizuri kitandani nikusimulie.

Mkaguzi alikuja saa tatu asubuhi. Mtu mfupi, miwani mikubwa, tepu ya chuma ndani ya mfuko wa ngozi. Hakusalimia mtu zaidi ya mara moja. Katibu wa Kiwanda alikuwa anamfuata nyuma na daftari, anatabasamu kama mtu aliyeshaonja mchuzi jikoni. Wakapima lango. Sawa. Wakapima boksi dogo. Sawa. Wakafika boksi kubwa. Katibu wetu akageuka akatazama ukuta. Mkaguzi akainama, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Kumi na sita na nusu," akasema. "Sawa."

Yule wa Kiwanda akasema, "Pima tena." Akapima tena. Akapima upande wa pili, na lile boksi la lango la kaskazini. Kumi na sita na nusu kila mahali, hakuna hata upana wa kidole uliozidi au kupungua. Katibu wetu alikaa chini kwenye nyasi, na suruali yake safi.

Mkaguzi akauliza, "Nani amechora?"

"Mimi."

"Kazi yako?"

"Mshonaji."

Akaitazama mistari, akatazama upindo wa suruali yake mwenyewe. "Basi hii nitakuletea," akasema. Rufaa imetupwa.

Umeshaelewa, Mjomba? Nilirekebisha mimi, Ijumaa ya tarehe 28 Februari. Ulipoandika "usiulize sana" ndipo nilipopima. Mshonaji akiambiwa asipime, mkono unamwasha. Nilichukua tepu yangu ya kushonea, ile ya sentimita mia moja na hamsini, na ile karatasi ya ramani ya uwanja uliyoibandika wewe mwenyewe nyuma ya mlango wa stoo. Boksi linataka tepu kumi na moja kamili. Kamba yako ilinipa kumi na nusu. Nikapima mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Kisha nikafungua kamba mpya ya Katibu ya kufungia mabango, nikaifunga mafundo yangu, nikachora.

Sikukuambia kwa sababu Mama alinikataza. Alisema, "Mjomba wako ana mistari yake na kigari chake, ukimwondolea hivyo huo mguu hauungi." Nami niliona kama nimemvua mkubwa wangu nguo hadharani.

Na sasa lile swali lako la tarehe 11 Machi. Kesho yake baada ya kuchora upya, ile Jumamosi, Mlango alimkwatua yule mtu ndani ya ile nusu tepu niliyoongeza. Palepale. Kwa mstari wako ilikuwa nje. Kwa mstari wangu ikawa penalti, tukafungwa, tukashika mkia. Niliingia stoo nikafunga mlango nikalia juu ya mfuko wa chokaa. Wiki nzima nilijiambia ni mimi niliyetushusha daraja kwa tepu yangu. Ndiyo maana sikuweza kumkaribia Mlango, na ndiyo maana sikukujibu. Ijumaa iliyofuata nilisimama na kamba zote mbili mkononi, ya zamani na mpya, na nakuapia, Mjomba, nilifikiria kurudisha yako. Nilifikiria sana.

Sikuirudisha. Nashukuru sikuirudisha.

Tarehe 26 ni mechi ya mwisho, na vinara wa ligi, hapa kwetu. Tunahitaji pointi moja. Kiwanda wako pointi mbili nyuma, wanacheza na timu dhaifu, hakika watashinda. Sare tutalingana nao pointi, lakini tunawazidi mbali kwa mabao, tutapona; tukifungwa tumekwenda.

Barua yako iko kwenye droo yangu ya nyuzi. Nimpelekee Katibu kweli? Sasa hakuna anayehitaji kujua.

Mpwa wako,
Sindano


Tarehe 27 Aprili

Sindano, mama yangu, fundi wangu,

Marahaba mara mia. Leo nimetembea! Hatua sita kwa magongo mpaka dirishani na sita kurudi. Nesi alisema nilikwenda haraka mno, nikamwambia nina habari ya kuandika.

Barua yako ya tarehe 15 ilifika Jumanne. Nilipofika kwenye "Sawa" ya kwanza niliweka karatasi usoni. Fundi Saa akaniuliza kama nina msiba. Nikamwambia nina kinyume cha msiba, sijui kinaitwaje. Basi nikamsomea barua yote, yeye shabiki wa Kiwanda, kwa sauti, na kosa langu lote ndani yake. Kisha akasema, "Saa ikichelewa miaka kumi na moja, anayeirekebisha hupewa lawama kwamba ameiharakisha." Ndiyo, anaongea hivyo hata akiomba chai.

Wewe hukutufungisha. Ile penalti ilikuwa yao tangu zamani, ilichelewa tu njiani. Ukisema tena neno hilo nitakuja na magongo.

Sasa jana. Wodi nzima ilikuwa kwenye redio yetu. Hadi dakika ya tisini bila kwa bila, huko Kiwanda wanaongoza tatu, Fundi Saa ameng'ang'ania shuka. Mara mtangazaji akapaza sauti: mshambuliaji wao ameanguka, ameanguka, ni pale pale ukingoni mwa boksi, refa anakimbia, wachezaji wamemzunguka, wanadai penalti! Na redio ikakoroma. Betri. Sindano, nimewahi kuvunjika paja, lakini sijawahi kupata maumivu kama yale. Mfagiaji alichomoa betri za tochi ya nesi mkuu, nesi mkuu mwenyewe akiwa ameshika kifuniko. Nikasema moyoni, mpwa wangu, kama umewahi kupima, uwe umepima hapo. Redio ikarudi watu wakipiga kelele na mtangazaji hasikiki. Ilichukua dakika nzima kujua ni kelele za nani.

Za kwetu! Tumebaki!

Nililia, sitaficha, nimeshaacha kuficha. Kisha nikageuka nikamwona Fundi Saa ametazama ukutani. Nikamwomba mfagiaji amletee chai yangu. Kuna mtu alishuka jana ili sisi tubaki, na alikuwa kitanda cha pili.

Barua mpelekee Katibu. Ndiyo, sasa hivi, wakati hakuna anayenilazimisha. Daktari ananiruhusu tarehe 15 Mei. Nataka nikifika getini awe anajua.

Na ile kamba ichome. Sitaki kuiona tena.

Mjomba wako,
Chokaa


Tarehe 5 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima, meno yaliyobaki yametulia. Yule bwana harusi alioa, na mshono wa mgongoni ulishika mpaka wakati wa keki.

Usichokisikia redioni ni hiki. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Nahodha wao alimwonyesha refa mstari, akasema, "Uwanja huu kila mtu anajua mistari yake." Refa akamjibu, "Mstari huu umepimwa na ligi wiki mbili zilizopita. Ameanguka nje." Akaweka mpira wa adhabu, shibiri moja nje ya chokaa yangu. Wakapiga, ukamgonga Mlango kifuani, filimbi ikalia. Mlango alizunguka uwanja mzima akishangilia, kisha akaja kunibeba mimi na kigari. Sikujua kwa nini mimi, mpaka akaninong'oneza, "Ile penalti ya Machi niliijua ilikuwa ndani, dada. Nilihisi chokaa chini ya kiatu."

Barua nilimpelekea Katibu. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Nikajua kazi yako imekwisha. Mara akaanza kucheka mpaka miwani ikamwanguka. Akasema, "Mwambie Chokaa uwanja una magoli mawili! Maboksi yote alipima kwa kamba moja. Yeye alihesabu mara nne walizonyimwa wao. Mimi nina mara tano tulizonyimwa sisi, na kila mara nilimtukana refa." Halafu akaacha kucheka. Akasema ataandika ligi mwenyewe awaeleze, lakini msimu ujao utashika kigari na mimi nitashika tepu. Nikamwambia mjomba wangu hawezi kuwa chini yangu. Akasema, "Muulize yeye."

Basi nakuuliza.

Kamba sijaichoma, nisamehe, ni mara yangu ya mwisho kutokusikiliza. Nimeifunga nyuma ya stoo, kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye msumari wa dirisha, chini kabisa, ili usihitaji kupanda kitu chochote. Jana mzee wa jezi alianika juu yake jezi zote kumi na moja za mechi ya mwisho, na zimeenea bila kubanana. Ya Mlango iko katikati, imening'inia kwenye lile fundo lako.

Limekaza, Mjomba. Kwa kuanikia halina kosa lolote.

Tunakungoja tarehe 15.

Mpwa wako,
Sindano